Zamu ya Ngamia

Mwaka wa 9 Hijria, jeshi la Waislamu likitoka Madina kwenda Tabuk, kuna unga uliokandwa ukaishia kuliwa na ngamia. Watu walikuwa wamefika Al-Hijr, walipokaa Thamudi zamani, wakateka maji visimani na kukandia unga wao. Mtume (S.A.W.) alipojua aliamuru maji yamwagwe na unga wapewe ngamia, na mwenye kutaka maji akateke kwenye kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Swaleh (A.S.). Akawakataza wasiingie makao ya watu wale walioadhibiwa ila wawe wanalia, wasije wakafikwa na yaliyowafika wenyewe. Kisha akajifunika kichwa, akamhimiza mnyama wake mpaka akalivuka bonde. Habari hizi zimo katika Bukhari na Muslim kwa mapokezi ya Ibn Umar. Si maneno ya kuokoteza barazani.

Mimi nilisomeshwa hayo chuoni, Mombasa, nikiwa mtoto, na kilichonikaa kichwani ni ule unga. Nyumba yetu ilikuwa na watu wengi na unga ulikuwa unapimwa kwa kikombe, kwa hiyo sikuweza kufahamu mtu mzima akiambiwa atupe kinyunga kilichokwisha kandwa naye akatii bila kunung'unika. Wala haikunipitia kwamba iko siku nitakwenda Al-Hijr mwenyewe, kwa tikiti iliyokatwa kwenye simu, ndani ya basi la kiyoyozi.

Aliyenipeleka ni Baba Swaleh. Mume wangu ni mwashi. Maisha yake yote kazi yake ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, huku Mji wa Kale na kule Lamu, na hata sasa mgongo umemkataa bado hapiti ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole. Mtoto wetu anafanya kazi Jeddah. Ndiye aliyetulipia umra. Tulipokwisha umra na kumzuru Mtume Madina, mwenzangu akanambia ana haja moja tu iliyobaki duniani, nayo ni kuziona nyumba zilizochongwa majabalini ambazo amezisikia msahafuni tangu utotoni. Siku hizi viza ya umra inamruhusu mtu kuuzunguka ufalme wote. Zamani mwenda umra hakuvuka Makka, Madina na Jeddah.

Nikamwambia siendi. Nikamtajia unga, nikamtajia kilio. Akanijibu kwamba Mwenyezi Mungu hakutaja mara moja wala mbili katika Kitabu chake kuwa watu watembee katika ardhi watazame ulikuwaje mwisho wa waliokanusha. "Sasa mimi nitatazamaje nikiwa nimekaa hotelini Madina, Mama Swaleh?" Hapo akanibana, kwa sababu yote mawili ni kweli. Tumeamrishwa twende tutazame, na tumekatazwa tusiingie ila kwa kilio. Kati ya amri hizo mbili pana barabara ya lami ya zaidi ya kilomita 300.

Akakodi gari. Leseni yake ya kimataifa alikuwa amekwisha ikata Mombasa, kumbe shauri alilipanga kabla hata hatujapanda ndege. Kule wanapita kulia, sisi tumezoea kushoto, na kwenye mzunguko wa kwanza nje ya Madina nilifumba macho nikasoma kila ninachokijua. Kwenye taa mwanamke mmoja, peke yake katika gari kubwa, alitutazama tunavyobabaika akatupisha. Tangu mwaka 2018 wanawake wa Saudia wanaendesha, na huyu aliendesha vizuri kuliko bwanangu.

Mzozo wetu wa pili ulikuwa wa kielimu, na ulitokea kwenye kituo cha petroli, mbele ya msikiti mdogo ulio kando ya pampu. Tulitaka kuswali adhuhuri na alasiri kwa kujumuisha na kupunguza, kama wasafiri. Baba Swaleh alikuwa ameshavua viatu. Mimi nikamuuliza, "Safari hii ni ya nini?"

Asiyekulia katika madhehebu yetu ataona nilikuwa namchokoza mzee wa watu. Lakini swali lina mizizi. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kitabu walichosomea mashekhe wetu vizazi na vizazi ni Minhaj ya Imamu Nawawi pamoja na sherehe zake. Katika mlango wa swala ya msafiri wanazuoni wanaeleza kwamba ruhusa ya kupunguza haipati kila mwenye kutoka nyumbani kwake. Aliyetoka kwa maasi haipati. Asiyejua anakokwenda haipati. Halafu wakafika kwa mtu wa aina yetu, na wapo kati ya wafafanuzi wa Minhaj waliopambanua kwa wembe: aliyesafiri kupumzisha nafsi ana kusudi sahihi, kwa kuwa mapumziko ni jambo ambalo watu wenye akili hulikusudia, ama aliyesafiri ili aone miji tu, huyo kusudi lake halitoshi. Anayepunga upepo apunguze swala, anayezurura kutazama aswali kamili.

Nilipokuwa msichana niliyaona maneno haya kuwa ukavu wa wazee. Mtu atoke kwao, auone ulimwengu wa Mungu, halafu aambiwe hana sababu? Baba Swaleh alikuwa na jibu lake. Alisema safari yetu asili yake ni umra, na hatujarudi kwetu, kwa hiyo sisi ni wasafiri tangu uwanja wa ndege wa Mombasa. Tukaswali rakaa mbili mbili, naye akiwa imamu. Jibu lake nililikubali. Swali langu hata hivyo halikuisha, likapanda gari pamoja nasi.

Njia hiyo inapita nchi ya Khaybar, penye uwanda wa mawe ya volkeno, ardhi nyeusi mpaka jicho linapokoma, na mabango ya kuonya ngamia barabarani. Mikate tulinunua kwa mwokaji mmoja aliyekuwa anaitoa tanuri la shimo, mipana kuliko sinia, tukala na maharage ya ful. Sehemu hiyo sina mengi ya kusema. Nililala.

Al-Ula, mji ulio karibu na Al-Hijr, ulipotokea nilikwisha amka. Weusi wote ule unakatika, na badala yake yanasimama majabali ya mawe mchanga mekundu, marefu, yaliyoliwa na upepo yakafanya matundu na mikunjo, na chini yake mitende na michungwa imejaa bondeni. Upande mmoja upo mji wa kale wa nyumba za udongo, mamia ya nyumba zilizobanana, ambazo watu walikaa mpaka miaka ya 1980 ndipo wa mwisho wakahamia mji mpya. Baba Swaleh alitaka kushuka hapo hapo akagonge kuta. Bonde jingine wamejenga jumba la tamasha lililofunikwa kioo kuta zote, liitwalo Maraya, na watu wanamiminika kulipiga picha. Nililitazama kwa mbali nikasema mwenye wazo hili anawajua watu: wametoka mbali kuja kutazama majabali, mwisho wanajitazama wenyewe.

Al-Hijr yenyewe huendi na gari lako. Unaliacha nje, unapanda basi, na kila basi lina mwongozaji wanayemwita rawi, yaani msimuliaji, kwa kawaida kijana wa hapo hapo Al-Ula. Wetu alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, Kiingereza safi, na Kiarabu cha kwao alichokitumia kumjibu Baba Swaleh, ambaye Kiarabu chake ni cha msahafuni na humfanya kila Mwarabu atabasamu. Basi likatupitisha kwenye stesheni ya reli ya Hijazi, ile aliyoijenga Sultani Abdulhamid wa Uthmaniya kutoka Damascus, ikafika Madina mwaka 1908, ili mahujaji wapate nafuu ya jangwa. Haikumaliza miaka kumi ikavurugwa na vita. Kisha tukashushwa mbele ya kaburi liitwalo Qasr al-Farid.

Sitajaribu kulisifu. Ni jiwe moja, peke yake katika uwanda wa mchanga, mwamba mzima uliosimama kama uliotoka ardhini jana, na uso wake umechongwa nguzo nne, mlango, na juu ngazi mbili zinazopandiana, moja kulia na moja kushoto. Kimo chake kinapita mita 20. Watu wote walikuwa wanatazama juu. Baba Swaleh alikuwa anatazama chini.

"Hawakumaliza," akasema.

Ni kweli. Kuanzia kichwani mpaka kati kazi imelainishwa, kila pembe imekaa. Ukishuka chini alama za patasi zinaanza kukua, mistari inapinda, nguzo zinapotea ndani ya jiwe ghafi. Akanieleza kwamba walichonga kutoka juu kushuka, na hivyo hawakuhitaji jukwaa, kwani jiwe ambalo halijachongwa ndilo lililokuwa jukwaa lao. Akamwuliza yule msichana kwa nini kazi iliachwa. Akajibu kwamba hakuna ajuaye. "Labda hawakulipwa," akasema Baba Swaleh, kwa Kiswahili, na hilo hakulisema kwa mzaha. Namjua. Kuna nyumba moja Lamu ambayo mpaka leo jina lake halipiti kinywani mwake.

Huko ndani ya bonde yapo makaburi makubwa 111, na 94 kati yake yamepambwa. Nimeandika makaburi makusudi. Sisi tulikuzwa tukiambiwa hizi ndizo nyumba za Thamudi, na wala si sisi peke yetu. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1326 na msafara wa mahujaji wa Damascus, miaka mitano tu kabla ya kufika Mombasa na Kilwa, akayaona majabali mekundu na milango iliyochongwa, akaona na mifupa iliyooza mle ndani. Akaamini kuwa ndiyo mifupa ya Thamudi wenyewe waliofia majumbani mwao asubuhi ya adhabu. Jicho halikumdanganya, mifupa ilikuwepo. Lakini juu ya milango yapo maandishi, ambayo Mwingereza Charles Doughty aliyafikia mwaka 1876 na kuyanakili, na maandishi hayo yanajieleza. Ni ya Wanabati, watu wale wale wa Petra, na yenye tarehe yanaanzia mwaka 1 kabla ya Masihi. Thamudi wanatajwa katika maandishi ya mfalme Sargon wa Ashuri karne ya nane kabla ya Masihi. Ni kaumu ya zamani zaidi. Wanabati walikuja baadaye wakachonga makaburi katika nchi ambayo ilikwisha kuwa na kisa chake.

Msichana akatusomea tafsiri ya andiko moja. Kaburi hilo walijitengenezea wanawake, Kamkam binti Wailat na binti yake Kulaybat, wao na uzao wao, katika mwaka wa 9 wa utawala wa mfalme Haritha wa Wanabati. Mimi nikasogea. Bibi aliyejichongea kaburi kwa jina lake na la bintiye miaka 2000 iliyopita ni mtu ambaye ningependa kukaa naye kitako. Kisha ikaja laana. Yeyote atakayeliuza kaburi hili, au kulinunua, au kuliweka rehani, au kulitoa zawadi, alaaniwe na Dhushara, na Lat, na Manat. Faini nayo ilipwe kwa Dhushara, na kwa Hubal, na kwa Manat. Mwisho, chini kabisa, jina la mwashi: Wahballahi mwana wa Abdobodat.

Kila mmoja alisikia lake. Baba Swaleh alisikia jina la fundi. Kwa zaidi ya miaka 40 amejenga na kukarabati, na hakuna jiwe hata moja lenye jina lake. Mimi nilisikia Lat, Manat na Hubal, majina ambayo tangu chuoni nimeyasikia kama majina ya kusomewa tu, katika sura na katika sira, vitu vilivyovunjwa na kwisha. Hapa yalikuwa na kazi: yalimlinda bibi huyo na kaburi lake dhidi ya ndugu wenye tamaa. Mwili ulinisisimka. Sikupenda kuwahurumia watu hawa na nikawa nawahurumia.

Hapo ndipo mwenzangu alipoona amenishinda. "Umesikia mwenyewe. Hawa si Thamudi. Hadithi ni ya walioadhibiwa, na hawa waliozikwa hapa walikufa vitandani mwao. Ingia basi." Kaburi moja lilikuwa wazi kwa wageni. Akaingia, akakaa humo muda, akatoka na vumbi jekundu begani.

Mimi nilishuka basini na nikatazama, lakini ndani sikuingia. Langoni tulikuwa tumepewa chupa za maji ya baridi, zimo mkobani, kiu nilikuwa nayo, na sikunywa mpaka tulipotoka bondeni. Baba Swaleh alikunywa yake na ya mtu mwingine. "Maji haya yametoka kiwandani," alisema, "hayakutoka kisimani." Na kweli yametoka kiwandani. Ibn Battuta anasimulia kwamba mahujaji wa zama zake walifika hapa na kiu kali na hakuna aliyegusa maji. Nilipenda kuwa katika safu ile, ingawa safu yenyewe sasa ni ya basi.

Hoja ya mume wangu ni nzuri, na nimeisikia pia kwa watu waliosoma. Kwangu mimi haitoshi. Mtume hakuwazuia masahaba kwa sababu ya mapambo ya milango. Aliwatia hofu na mahali na kisa chake, na hao Wanabati wangekuwa wamechonga juu ya majabali yote ya Hijazi, kisa kingebaki pale pale. Hata tukiondoa kila kaburi lenye tarehe, swali linabaki kwa anayekanyaga bonde lile kama mtalii: Thamudi waliadhibiwa kwa nini?

Ulizeni watu kumi. Tisa watasema ni kwa ushirikina, au kwa kiburi cha majumba. Mashtaka hayo yamo, ni kweli. Lakini kilichoiteremsha adhabu, kwa mujibu wa Qur'ani, ni ugomvi wa maji. Walipewa ngamia kuwa ishara, wakawekewa zamu: siku moja anywe yeye, siku inayofuata wanywe wao. Ngamia mmoja na siku yake moja. Wakaona siku hiyo ni nyingi. Wakamtoa mmoja wao akamuua, na waliobaki wakaridhika. Ndiyo maana, naamini, maji ya visima vyao yalimwagwa na kisima cha ngamia kikaachwa: palipokuwa na haki ya mnyonge maji yalibaki halali. Nimelisema hili kwa fikra yangu. Sijalisoma kwa mufasiri, na mwenye elimu zaidi anisahihishe.

Sasa mimi nimetoka Mombasa. Maji yetu yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere kwenye vilima vya Shimba, na yakifika kisiwani hayatoshi. Kila mtaa una zamu yake. Siku ya zamu ikifika, mwenye pampu ya kuvuta huiwasha, tangi lake la juu likajaa, la chini likajaa, na wa mwisho wa bomba akifungua mfereji anapata upepo. Kesho yake huyo wa mwisho hununua mitungi kwenye mkokoteni kwa bei anayotaka mwenye mkokoteni. Baba Swaleh amejenga matangi mengi ya chini katika mji ule, anajua nani ana maji ya miezi na nani ana ndoo. Nilimwambia hayo usiku, tukiwa tumekaa nje ya nyumba tuliyopanga Al-Ula, anakunywa chai.

Akafikiri. "Basi kwa hesabu yako," akasema, "hata kwetu Kibokoni tuwe tunaingia tukilia."

Nikacheka, na nikamwambia ndiyo.

Hapa ndipo nilipowaelewa wale wazee wa Minhaj, na ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema dini haina la kusema juu ya utalii. Mapumziko yana mwenyewe. Mtu amechoka, anatafuta upepo, nafsi inarudi kwake. Kutazama tu hakuna mwenyewe: anayetazama hajiweki popote, haulizi yeye angekuwa nani katika kisa anachosimuliwa, anaondoka alivyokuja isipokuwa picha zimeongezeka. Kwa mahali pa furaha hilo halina ubaya mkubwa. Kwa mahali walipoangamia watu lina ubaya, kwa kuwa linamzoesha mtu kudhani maangamizo ni ya wengine. Kilio kilichoshurutishwa pale, kwa ufahamu wangu, ni cha mtu aliyejiona ndani ya kisa, wala si cha kuwaombolezea waliokufa. Na kukipata ni kazi. Nilijaribu mbele ya Qasr al-Farid na sikukipata. Machozi si paka, huyaiti yakaja. Ndiyo sababu sikuingia kaburini. Sharti sikulitimiza.

Baba Swaleh yeye anasema alichotazama ni ufundi, na kwamba Mwenyezi Mungu mwenyewe amewataja Thamudi kwa ustadi wao wa kuchonga. Ni kweli amewataja. Nakubali pia kwamba mume wangu alitazama kwa bidii kuliko watu wote wa basi lile, kwa sababu alikuwa na kitu cha kuuliza. Kutazama kwake kulikuwa na kusudi, na kama suala ni swala ya safari, yeye angestahili kupunguza kuliko mimi niliyelala nusu ya njia. Hilo sijamwambia.

Kwetu nako watu huja kutazama. Ngome ya Yesu ilizingirwa tangu mwaka 1696 mpaka 1698, na waliofungiwa ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Leo maharusi hupigia picha juu ya kuta zake. Sijawahi kuona ajabu, nami nina picha ya harusi ya mpwa wangu pale, nzuri mno. Tangu nirudi naiona kwa jicho jingine, ingawa sijaitoa ukutani, maana mpwa wangu hana kosa na kuta zile ni nyumbani kwake.

Najua itakuja hoja kwamba ukifuata njia hii hutakwenda popote, kwa kuwa ardhi yote wamekufa watu. Sivyo. Amri ya kutembea na kutazama iko pale pale na ni yenye nguvu. Ninachokataa ni kuigeuza iwe kibali cha kila tikiti. Kuanzia mwaka 2008 Al-Hijr imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ya kwanza kwa Saudia, na wanazuoni wa nchi ile waliokuwa wakiwakataza watu kwenda kutalii pale siku hizi haisikiki sauti yao sana. Serikali ina hesabu zake, na vijana wa Al-Ula wamepata kazi, jambo ambalo mimi mama wa mtoto aliyehama kwa ajili ya kazi sitalidharau. Biashara iwe biashara.

Ombi langu liko kwa watu wetu. Makundi ya umra ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam yameanza kuiweka Al-Ula katika ratiba, na nimeona karatasi moja imeandika Al-Hijr chini ya "ziara", mstari mmoja na Quba na Uhud. Tafadhalini, mashekhe na wenye makampuni, ifuteni pale. Quba ukienda kuswali una thawabu iliyotajwa. Al-Hijr hukuahidiwa chochote, umeonywa. Iwekeni peke yake, iwe hiari, na bei yake iwe mbali na bei ya umra. Wasomeeni watu kisa cha zamu ya maji kabla hawajalipa. Na mwenye kusema atabaki Madina aswali Msikiti wa Mtume, mwacheni abaki, na pesa zake mrudishieni.